Omu Ishirini na Tatu

Mita ilisoma ishirini na tatu. Binti fundi akazifuta ncha zake kwa kitambaa, akapima tena. Ishirini na tatu vilevile.

Wateja walimwita Dada Mita, maana hakuna kitu kilichotoka mezani kwake bila kupimwa. Asubuhi ile alikuwa na jiko la umeme la marehemu mama yake, waya umeyeyuka mpaka kwenye plagi. Kwa miezi minane baba alikuwa amelifungia stoo. Sasa ndugu walikuwa wanaisafisha stoo kwa ajili ya harusi yake, zimebaki siku tisa, naye akalichukua kimyakimya.

Jiko hilo ndilo lililomuua mama. Waya ulishika moto, pazia likafuata, mama wa watu akafia jikoni. Na kwa kuwa wiki mbili kabla binti ndiye aliyelitengeneza, lawama ingekwenda kwa nani tena? Baba hakumfokea. Alinyamaza tu, jumla. Salamu ya mwanawe aliijibu kwa kichwa, kama vile anamfukuza inzi.

Chini ya jiko mwandiko wa binti ulikuwepo bado, ameukwangua kwa msumari: volti 230, ampea 5. Mia mbili thelathini gawanya kwa tano, ukinzani wa koili, yaani inavyouzuia umeme, ni omu 46. Mia mbili thelathini hiyohiyo zidisha kwa tano, nguvu yake ni wati 1,150. Waya wa ampea sita ulitosha kabisa. Lakini leo mita inasema omu 23! Hapo umeme unaopita ni ampea kumi, na nguvu ni wati 2,300. Mara mbili. Waya ule ungevumilia vipi?

Akaichomoa koili. Nusu nzima ilikuwa imekatwa, iliyobaki ikavutwa ijaze mifereji, ncha ikabanwa kwa kibati cha shaba. Karakana nzima ni mtu mmoja tu aliyebana hivyo: mchumba wake, aliyemfundisha kazi, ambaye meza yake ilitazamana na yake. Huyohuyo aliyemshika mabegani siku ya mazishi akimwambia hata fundi mkubwa hukosea. Kwa maneno yale alimpenda zaidi, maskini.

Akamtumia ujumbe: "Njoo karakana. Niko na jiko la mama."

Jamaa alikuwa kwa mteja mtaa wa pili, na kwa kawaida hujibu papo hapo, lakini jibu hili lilichukua dakika ishirini: "Umelifungua?"

Alipofika hakukaa. Aliiona koili mezani, akatazama sakafu.

— Uliikata wewe, binti akasema.

— Mama yako aliniomba. Mzee alikuwa anamsema kila asubuhi kwamba chai inachelewa. Koili ikiwa fupi inapata moto haraka, unajua. Akanisihi nisikwambie, utaona ameidharau kazi yako.

— Na waya?

— Nilimwambia nitarudi Jumamosi nimwekee mnene. Nikapitiwa.

Nikapitiwa. Mtu amekufa, yeye alipitiwa.

— Miezi minane unanifuta machozi, na unajua.

— Ningesema ungeniacha.

— Ningekuacha, ndiyo. Lakini ningekuwa na baba.

Jamaa akaanza kulia. Alimpenda kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi binti. Akaomba wafunge ndoa kwanza, mengine baadaye. Alipoona pete imewekwa mezani akabadilisha maneno, akasema basi atakwenda mwenyewe kwa mzee, amweleze yote, hata hiyo habari ya chai.

— Thubutu, binti akamwambia. Chai usiitaje. Utamuua na yeye.

Alasiri ile akaenda nyumbani na jiko, mita na karatasi. Baba alikuwa barazani. Alikuwa karani maisha yake yote, hesabu huwezi kumdanganya, kwa hiyo binti hakumsimulia sana. Alimpimia koili mbele ya macho yake, akaandika volti juu na omu chini, akamsukumia kalamu.

Mzee akaishika kalamu. Kisha akagawanya.

— Kumi, akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mwanawe tangu msiba.

— Na waya ulikuwa wa sita?

— Wa sita, baba. Mimi niliacha omu arobaini na sita. Koili imekatwa baadaye. Mchumba wangu ndiye aliyeikata, amekiri.

— Nani alimtuma?

Neno moja tu, na mzigo wote ungehamia kwa yule mzee.

— Hakutumwa. Alitaka sifa kwa mama mkwe.

Baba akatukana tusi ambalo binti hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Kisha akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha, machozi yanaingia kwenye ndevu. Akauliza habari ya harusi, akaambiwa haipo tena. Wakakaa hivyo, bega kwa bega.

— Nipikie chai basi, mwanangu, mzee akasema. Sijanywa ya mkono wako tangu mama yako aondoke.

Binti akainuka.

— Wala usifanye haraka, baba akaongeza kwa upole. Nitasubiri tu.

Akaingia jikoni, akafunga mlango, akaziba mdomo kwa kiganja ili baba asimsikie.