Nukta Mbele ya Hati

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida, na mimi sina sababu ya kuwadanganya. Nilikaa kwenye kiduka cha binti yangu cha kuchapa, nachambua maharage. Binti huyu ni mjane wa miezi minane. Saa nane mchana alitakiwa mahakamani na hati ya nyumba, maana shemeji yake anataka kumtoa. Hati yenyewe ilipotelea msibani, na ninajua ilimoingia, mfuko wa nani. Ilibaki picha yake tu, ndani ya kompyuta.

Saa tatu shemeji mtu akaja, eti kuchapa barua. Binti alikuwa ametoka kununua karatasi. Yule bwana akavuta kiti mbele ya kompyuta, macho yangu kwenye mikono yake.

"Mama, mbona humu tupu?"

"Unatafuta nini mpaka uone tupu?"

Akaondoka bila barua.

Kweli, kioo cha kompyuta kilikuwa kitupu. Hakuna faili hata moja. Binti aliporudi akaanza kulia. Nikamwambia alie baadaye, kwanza aite fundi.

Fundi alikuwa mwanamama mnene, mcheshi. Akafungua programu ya mafaili, akaingia kwenye mipangilio.

"Kompyuta hii inatumia Linux, bibi, mtu akiondoa tiki hapa ya kuonyesha mafaili tu, kioo kinabaki uchi."

Tiki ilikuwepo.

Akaacha kucheka. Akabonyeza vitufe viwili kuona yaliyofichwa. Mafaili yakajaa kioo. Kila jina lina nukta mbele.

"Ukitanguliza nukta, faili linajificha," akanong'ona. "Mtu kayaficha moja moja. Leo, saa mbili na nusu."

Saa mbili na nusu duka lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye sidiria yangu.

"Ni shemeji tu," binti akasema.

"Shemeji yako kakuta tupu. Nilikuwepo."

Fundi akabofya hati, atazame nani mwenye faili. Likatoka jina la utani la mkwe wangu. Marehemu.

"Si nililifuta jina lake humu?" fundi akauliza. "Wiki ile ya mazishi?"

Binti akawasha printa.

Tukaichapa hati. Mahakama ikaikubali, nyumba ikabaki kwa binti yangu. Shemeji hajakanyaga tena.

Lakini pembeni ya karatasi pana alama ya dole gumba. Kwenye kompyuta haipo. Nimeifungia kabatini, huu mwezi wa tatu. Binti sijamwambia.

Jana niliigusa alama ile. Kidole changu kikatoka na wino mbichi.