Meno ya Harusi

Hapana, hayakuwa mabovu. Hata moja. Umefanya vizuri kuuliza, maana kila ninayemsimulia anadhani binti alikuwa na meno yaliyooza akaenda kuyatibu. La. Jodie alikuwa na meno mazima, ya kuvunjia njugu na maganda yake. Ila alikuwa na mwanya hapa mbele, na jino moja la pembeni lilimpanda mwenzake kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani. Basi, ni hilo tu. Nyie mnaonisikiliza mngesema mwanya ni urembo, mngeutungia na wimbo. Lakini huku kwetu Burnley, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, kwenye mvua hii, mwanya ni kitu cha kuchekwa.

Acheni nianze na Jumapili moja ya Machi, jikoni kwa bibi yake, Doreen. Nyama ya kondoo ilikuwa kwenye oveni, viazi vimepangwa juu yake kama vigae vya paa. Redio inaimba taratibu. Doreen anakata vitunguu, mjukuu wake anapanga sahani, na Lorraine, binti wa Doreen ambaye ndiye mama wa Jodie, amekaa na gazeti asilolisoma. Walikuwa wanamcheka Callum, mchumba wa Jodie, dereva wa basi, kijana mpole tu.

"Kaenda kujaribu suti ya harusi," Jodie akasema. "Kainama kufunga kiatu, suruali ikapasuka mbele ya fundi."

"Ikaonyesha nini?" Doreen akauliza.

"Kila kitu, Bibi!"

Wakacheka mpaka Lorraine akajifuta machozi kwa gazeti. Lakini Doreen aliona kitu. Mjukuu wake alikuwa anacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja.

"We mtoto, tangu lini unacheka umejiziba?"

Jodie akaweka sahani nyingine mezani. Halafu akasema, kama utani, kwamba kule dukani anakouza viatu kuna mwenzake alimwambia mbele ya wateja, "Kwenye mwanya wako huo Callum anaweza kuegesha basi lake." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Ndivyo tunavyofanya huku, mtu akikuchoma nawe unacheka, damu utaifuta nyumbani.

"Kwa hiyo nimeamua," akasema. "Kabla ya harusi nakwenda kuvisha meno kofia. Yote, juu na chini."

Kofia za meno mnazijua? Jino linachongwa kwa mashine mpaka linabaki kijiti, halafu kijiti kinavishwa kofia nyeupe ya kauri. Kuna kliniki ng'ambo, kwenye jua, unakwenda wiki moja, unalala hoteli, unarudi na mdomo mpya. Wasichana wengi wa mtaa walishakwenda. Ukiwaona wamesimama pamoja kituo cha basi utadhani wamegawana mdomo mmoja.

"Ni siku yako, mwanangu," Lorraine akasema. "Picha ya harusi hairudiwi."

Kisu cha Doreen kikasimama juu ya kitunguu.

Sasa hapa lazima niwarudishe nyuma, mnivumilie. Wote mle ndani walijua kwamba Doreen ana meno ya kubandika. Mtu wa umri wake, nani hana? Walidhani uzee uliyachukua polepole, kama unavyochukua macho na magoti. Haikuwa hivyo. Doreen alikuwa msichana wa miaka ishirini, mfumaji katika kiwanda cha nguo, anakaribia kuolewa na Stanley, pale baba yake alipomchukua Jumamosi moja akampeleka kwa mng'oa meno. Yakang'olewa yote. Mazima, meupe, hayana tundu. Msishtuke, ndiyo iliyokuwa desturi ya watu wengi wa viwandani wakati ule. Binti akiolewa anazawadiwa meno ya kubandika, ili asije akamsumbua mume na gharama za daktari wa meno maisha yote. Wengine walipewa sufuria. Yeye alipewa meno. Na baba yake, maskini, aliona amempenda kweli.

Alipolia, mama yake alimwambia neno moja. "Utapendeza."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuona mdomo wa Doreen ukiwa mtupu. Hata Stanley hakuuona, na Doreen aliishi naye mpaka akamzika. Bafu la nyumba ile lilikuwa na makomeo mawili, na watu waliona ni mama mwenye haya zake. Ukutani wakatundika picha ya harusi. Mle Doreen anacheka, meno yamenyooka kama ushanga. Kila mgeni anaisifia.

Basi. Jodie si mjinga, msimdhanie hivyo. Alikwenda kwanza kwa daktari wa meno wa hapa hapa mjini, mama mmoja wa sauti ndogo. Yule akamwangalia mdomo mzima, akavua glavu, akamwambia, "Kofia ni ya jino lililovunjika. La kwako limevunjika lipi? Mimi nikilichonga halirudi. Jino si ukucha." Akamwambia kuna waya za kuyavuta meno yakae sawa, ila zitachukua zaidi ya mwaka. Harusi ilikuwa Agosti.

Jodie akatoka pale moyo umegawanyika. Hakwenda kwa mama yake. Alikwenda kwa Doreen, siku ya kazi, wako wawili tu na birika la chai.

"Bibi, nimechoka na ushauri," akasema. "Daktari kasema nisiende. Mama kasema niende. Callum kasema nibaki nilivyo, lakini Callum hata soksi zake hajui kama zinafanana. Wewe ndiye nitakusikiliza. Ukisema usiende, siendi. Naapa."

Mmesikia hapo? Aliapa.

Doreen akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Jodie akainuka, akaishusha ile picha ukutani, akaipangusa vumbi kwa mkono wa sweta lake, akamwekea mbele.

"Angalia ulivyokuwa. Hivi ndivyo ninavyotaka. Nataka nicheke kama ulivyocheka wewe siku hii, bila kuziba mdomo."

Ndugu zangu, yule bibi alitaka kusema. Kidole gumba kilishafika mdomoni, kimegusa ukingo wa yale meno. Ilikuwa kuvuta tu. Angevuta, akasema, tazama, mjukuu wangu, yaliyomo kwenye picha ni haya hapa, yangu walinitupia kwenye ndoo. Lakini akayafikiria mashavu yake yakiingia ndani, na midomo ikikunjika kama mfuko uliovutwa kamba. Akaufikiria uso wa mtoto huyu anayempenda kuliko roho yake ukiangalia hayo. Kidole kikashuka, kikashika kikombe.

"Roho yako inapenda nini?" akauliza.

"Inapenda hivi, Bibi."

"Basi fanya roho inavyopenda, kipenzi. Utapendeza."

Na lile neno lilipomtoka, alilitambua. Alishalisikia zamani, kwa sauti ya mtu mwingine.

Watu wakiisimulia habari hii wanasema Jodie aliharibiwa ng'ambo. Mimi nasema hapana. Aliharibiwa pale mezani, chai ikiwa bado ya moto.

Alikwenda, akarudi. Harusi ikafanyika, mvua ikatuonea huruma siku hiyo ikakaa mbali. Jodie alicheka mpaka kanisa likang'aa, mikono yote miwili kwenye maua, haitafuti mdomo. Doreen alikaa kiti cha mbele. Watu wakasema, "Tazama, bibi na mjukuu, kama pacha." Doreen akaitika kwa kichwa.

Baridi ilipoingia, ndipo mambo yalipogeuka. Kwanza chai ikawa inamchoma Jodie meno. Halafu upepo ukawa unamchoma, yaani kuvuka barabara tu. Halafu fizi zikavimba, zikawa zinatoa harufu, akawa anasimama mbali na wateja. Kule ng'ambo walijibu ujumbe wake mara ya kwanza na picha ya ua, mara ya pili hawakujibu. Akarudi kwa yule mama wa sauti ndogo, naye akamtoa kofia moja ya mbele, akampa kioo, maana Jodie alidai aone.

Aliona kijiti cha kahawia, chembamba, kama bua la mahindi baada ya mavuno. Daktari akamwambia kilishakufa mpaka mzizini, na wenzake wa mbele vilevile. Meno ya mbele yakang'olewa. Ya nyuma yanasubiri zamu, moja moja, na hakuna anayejua yatabaki mangapi.

Jodie akaacha kwenda dukani. Akaanza kujifungia bafuni. Callum anarudi kutoka kwenye basi, anakaa sakafuni kwenye ujia, anaongea na mlango.

"Jo, fungua."

"Nenda kalale."

"Mimi nilikuoa wewe, sikuoa meno."

"Basi umeoa hasara."

Callum akamweleza Lorraine, na Lorraine, analia, akamweleza mama yake. Doreen akasema, "Waleteni kwangu Pasaka."

Wakaja. Jodie kajifunga skafu mpaka puani. Meza imeandaliwa, nyama, viazi, karoti, kabichi nyekundu ya siki, kila kitu. Lakini Jodie akasimama nyuma ya kiti, akagoma.

"Sikai. Nikae nile nini? Mnataka kunitazama nikitafuna kama kondoo?"

"Jodie, mwanangu, tafadhali," Lorraine akasema.

"Mama, niache."

Doreen akainuka. Akaichukua picha ukutani akailaza juu ya meza, katikati ya vyakula. Akainamisha kichwa, akatoa meno ya juu, akayaweka kwenye kisahani. Akatoa ya chini. Uso wake ukaporomoka, kukawa na mtu mwingine pale, mzee kabisa. Lorraine akaita, "Mama!" akaziba mdomo wake mwenyewe.

"Ndiyo hayo yaliyo kwenye picha," Doreen akasema, maneno yanateleza. "Yangu walining'oa wiki chache kabla ya harusi. Yalikuwa mazima kama ya kwako. Baba alinipa zawadi."

Jodie akateremsha skafu, labda bila kujua.

"Mazima?"

"Mazima."

"Na siku ile nilipokuja kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ningekusikiliza, Bibi."

"Najua, kipenzi."

"Ningekusikiliza!"

Doreen akakisogeza pembeni kile kisahani.

FUNZO

Mimi sikusoma sana, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na huyu mtoto hata pengo hakuwa nalo, alikuwa na mwanya. Wewe binti, wewe kijana, mwili ukiwa mzima usiupeleke kuchongwa kwa sababu ya kicheko cha mtu wa dukani. Yule aliyecheka kesho kasahau, na wewe utakula na mdomo huo mpaka kaburini. Kofia ya jino ni dawa, haina ubaya, livishe jino lililovunjika. Jino zima liache.

Lakini funzo kubwa ni letu sisi wakubwa. Jeraha ulilotiwa ukiwa mdogo ukalificha, unamwachia mtoto wako njia ileile aipite gizani. Tunasema tunawaficha aibu. Aibu ni yetu, maumivu yanakuwa yao. Mtoto akija na kusema "ukisema usiende, siendi," mwambie. Mvulie hata meno. Ukingoja mpaka aumie, utamwambia ukweli na hautamsaidia kitu, kama alivyofanya Doreen, ambaye mpaka leo mjukuu wake humsalimia kwa heshima tu, kama jirani.

Eh, nimewaacha watu wamesimama mezani. Walisimama hivyo mpaka mchuzi ukaganda. Mwishowe Callum ndiye aliyevuta uma, akaanza kuviponda viazi vya mkewe, akamwongezea mchuzi. Akavuta sahani ya Doreen, akaponda. Akaponda vya Lorraine, na vya kwake mwenyewe, yeye mwenye meno yote. Jodie akaenda kukaa kiti cha mwisho, mbali na bibi yake. Doreen hakuyarudisha meno mdomoni. Wakaketi wote, wakala.