Kabati la Fundi Baridi

Ungepita nyumbani kwa Fundi Baridi siku ya mapumziko asubuhi, ungetamani kuhamia. Mkewe, mshonaji wa nguo, yuko barazani na cherehani yake. Binti yao wa miaka mitano, waliyembandika jina la Sisimizi kwa sababu hatulii, anamvalisha mwiko gauni la vipande vya vitambaa. Na mwenye nyumba, fundi aliyefufua nusu ya mafriji ya mtaa ule, yuko sebuleni amevaa glavu nyeupe, anampangusa vumbi roboti mwenye macho matatu. Amani tupu. Ila usiguse kitu.

Maana hapo ndipo balaa lilipokaa, jamaa zangu. Fundi alikusanya sanamu za plastiki za filamu za anga za mbali: marubani, maroboti, malkia wa sayari ya barafu, majitu yenye mikia miwili. Alianza na moja tu. Ya pili aliinunua ili ya kwanza isione upweke. Mwisho ukawa ukoo mzima, tena ukoo wenye madai kuliko ule wa damu. Jua huchujisha rangi, kwa hiyo madirisha ya sebule yakafungwa. Joto hulegeza miguu ya plastiki, kwa hiyo feni ikatolewa chumbani kwa mtoto. Na Fundi mwenyewe akawa hana raha. Yuko kazini, kichwa kimeingia ndani ya friji la mteja, roho inamwambia pazia limesogea.

"Baba, utanibeba saa ngapi?" Sisimizi huuliza.

"Nikimmaliza huyu mwenye mbawa, mama."

"Huyo ulimmaliza jana."

"Leo ana vumbi jipya."

Mkewe hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Mwenzangu, hao maroboti wakiugua utawakimbiza hospitali kabla ya mwanao."

"Wewe huelewi sanaa."

"Sanaa naielewa sana. Nisichoelewa ni mwanamume mzima kuvaa glavu kumshika mdoli, na mtoto wake hamshiki kabisa."

Fundi akacheka, akaendelea kupangusa.

Kisha likaja kabati. Duka la vinywaji lilikuwa na friji bovu, lile refu la mlango wa kioo. Fundi alilichukua, akang'oa mashine, akatia taa na rafu, akavisha mlango mpira mpya unaobana mpaka hewa ikome. Kwa nje akafunga komeo la ubunifu wake: mlango ukirudi tu, lenyewe linaanguka. Juu ya kioo akatundika kitambaa cheusi cha kuzuia jua. Rafu ya chini akaiacha wazi, inasubiri chombo cha anga kikubwa alichoagiza.

Sasa nisikilizeni. Huyu ndiye fundi anayewafokea wateja wote, "Friji bovu ling'oeni mlango! Watoto huingia humo!" Kwake hakujisikiliza, kwa sababu la kwake halikuwa friji tena. Lilikuwa kabati.

Mchana mmoja, akiwa katikati ya kupanga, jirani yake mshona viatu alimwita akaangalie friji linalovuja. Fundi akatoka. Mkono wake ulikuwa umezoea kufunga, akaamini umefunga. Haukupita muda akasikia sauti ya mkewe.

"Baba Sisimizi! Mtoto unaye?"

"Si yuko na wewe?"

Wakatazamana kwa mbali. Kisha wote wawili wakaanza kukimbia.

Fundi alikagua uvunguni, jikoni, chooni, akachungulia pipa la maji. Akaingia sebuleni, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Komeo liko chini. Hakuna aliyegusa. Akashusha pumzi, akatoka mbio kwenda barabarani.

Msomaji, umeliona hilo? Mtoto hajulikani alipo, na baba kashusha pumzi.

Nje, mshona viatu alikuwa ameinama juu ya mtaro. Mama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alimshika kila mpita njia. "Kagauni ka njano, kafupi, ananifikia hapa." Lori likipita, Fundi anatazama magurudumu yake, halafu anaogopa kutazama.

"Nyumbani mmekagua vizuri?" mshona viatu akauliza. "Watoto hujibanza pabaya."

"Nimekagua kote."

"Kabatini?"

"Kabati lina komeo, limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Linajifunga lenye..."

Hakumaliza. Watu waliona vumbi tu.

Kitambaa alikirarua. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na alama za viganja vidogo. Alipovuta mlango, malkia na marubani walimporomokea, akawakanyaga, plastiki ikalia chini ya viatu. Sisimizi alikuwa amejikunja kwenye rafu ya chini, gauni limelowa jasho, midomo imebadilika rangi. Fundi akambeba.

Zahanatini mtoto aliwekewa mashine ya oksijeni. Mama alikaa upande mmoja wa benchi, baba upande mwingine.

"Atapona," muuguzi alisema. "Mngekawia kidogo, ningekuwa nawaambia mengine."

Jioni mtoto akafumbua macho. "Baba, nilikuona."

"Uliniona wapi, mama?"

"Kitambaa hakifiki chini. Niliona viatu vyako vimesimama. Nikaacha kugonga, nikajua unanifungulia."

Fundi aliinama, akavitazama viatu vyake. Mama akageuzia uso wake ukutani.

FUNZO

Sikwambii utupe sanamu zako. Penda unachopenda, kipange, kipanguse, ukionyeshe wageni mpaka wakuchoke. Lakini siku roho yako inapotulia kwa kuona vitu viko salama, na hujui mwanao yuko wapi, ujue umekwisha potea, na hakuna wa kukuambia. Fundi hakuwa baba mbaya. Alikuwa baba mwenye shughuli kidogo kila siku, na hizo kidogo zikajumlishana hadi kwenye rafu ile.

Wazazi wenzangu, mtoto akiona viatu vya mzazi wake vimesimama karibu, huacha kulia, anajua ameokoka. Tusimfanye mwongo.