Mlango Uliofunguka Bila Ufunguo

Kaluki wa Kathonzweni alikuwa na ufunguo mmoja aliouchunga kama mtoto mchanga. Aliufunga kwenye ncha ya leso. Alikwenda nao shambani, kanisani, hata bafuni. Mume wake, Musembi, alimtania kwamba ufunguo huo umeoga mara nyingi kuliko yeye.

Ulikuwa ufunguo wa stoo. Humo stoo mliwekwa mbegu za ndengu za kikundi chao, akina mama kumi na wawili. Zilingoja mvua ya Novemba. Na kwetu huku, mvua haimngoji mtu aende kutafuta mbegu.

Jumanne moja ya Oktoba, Kaluki alirudi kutoka sokoni, akafungua stoo. Magunia mawili hayakuwepo. Alirudi kuutazama mlango. Haukuwa na hata alama. Kitasa kilikuwa kizima, na mabati ya paa yalikuwa mahali pake.

Akina mama walikuja kumpa pole, lakini pole yenyewe ilikuwa na maswali ndani. Kanini, mwenyekiti wa kikundi, ndiye aliyeyatoa.

"Kaluki," alisema polepole, "mlango haujavunjwa. Ufunguo ni mmoja. Ungekuwa mimi, ungefikiria nini?"

Kaluki aliushika ufunguo kwenye leso. "Ningefikiria hivyo hivyo unavyofikiria," akajibu.

Jumapili hiyo, kanisani, benchi lake lilikuwa na nafasi nyingi mno.

Jumatatu Musembi alimleta Hassan, fundi wa vitasa pale sokoni. Hassan aliomba kikundi chote kiitwe, maana hakutaka kurudia somo mara kumi na mbili. Kisha akamwambia Kaluki afunge mlango kama anavyoufunga kila siku. Kaluki aliuvuta. Kitasa kikalia. Akarudisha ufunguo kwenye leso.

Hassan alichukua kipande cha plastiki alichokata kwenye mtungi mkuukuu wa mafuta. Akakiingiza penye ufa kati ya mlango na fremu, akakisukuma. Mlango ukafunguka.

Watu walisogea karibu. Kisha Kasyoki, mmoja wa kikundi asiyeweza kunyamaza, akauliza, "Hassan, wewe Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Tawa, mama, na mashahidi ninao. Wewe je?"

Walicheka, hata Kaluki. Kisha Hassan akawaonyesha ulimi wa kitasa, ule unaotoka na kuingia kwenye fremu. Umechongwa mshazari, na nyuma yake kuna springi. Ndiyo sababu mlango hujifunga ukiuvuta. Lakini kitu chembamba kikiusukuma, unarudi ndani. Mwizi akimaliza, anauvuta mlango tena, unajifunga nyuma yake.

"Ulimi huu ni wa kuzuia upepo na kuku," alisema. "Mwizi si kuku. Ukivuta mlango tu, hujaufunga. Umeuegesha."

Chini ya ulimi ule kulikuwa na mwingine, wa mraba. Huo hauna springi, hutoka tu ufunguo ukizungushwa. Kaluki aliuvuta mlango, akajaribu kuzungusha ufunguo, ukagoma. Hassan aliufungua mlango tena, akachungulia kwenye fremu. Ulimi wa mraba haukuwa na tundu la kuingilia. Aliyeweka kitasa alitoboa tundu moja akaenda kunywa chai.

"Na huu ufa mpana ni kazi ya nani?" akauliza.

Wote walimtazama Musembi. Alikiri kwamba mvua iliyopita mlango ulivimba, ukawa unakwama, akaupiga randa. Halafu jua letu likaja, mbao ikasinyaa, ufa ukabaki. Hassan alimwambia kwamba mlango uliovimba hungojwa ukauke kwanza.

Kazi ilichukua mchana mzima. Hassan alitoboa tundu la ulimi wa mraba, akalizungushia bamba la chuma kwa skrubu ndefu. Upande wa nje alipigilia ukanda wa chuma kwenye fremu ili uzibe ufa. Aliwaeleza pia kwamba viko vitasa vyenye pini ndogo kando ya ulimi. Mlango ukifungwa, pini hubanwa na bamba, na ulimi hausukumiki tena. Lakini tundu likiwa kubwa mno, pini nayo huzama ndani, na kitasa kinakuwa cha kawaida tu.

Kaluki alifunga mlango, akazungusha ufunguo mpaka mwisho. Kanini akachukua plastiki mwenyewe. Alisukuma, akapinda, akatoa jasho. Mlango haukutikisika. Aliitupa plastiki chini, akamgeukia Kaluki.

"Swali nilikuuliza mbele ya watu," alisema. "Basi nisamehe mbele ya watu."

Mvua ilipokuja walipanda zile mbegu zilizobaki. Februari walivuna, stoo ikajaa tena. Asubuhi moja Kaluki alikuta mikwaruzo mipya kwenye ukanda wa chuma. Mlango ulikuwa umefungwa. Alimwita Kanini aje aone.

Kanini aliitazama mikwaruzo ile kwa muda mrefu. Hakuomba kuhesabu magunia. Aliuliza tu kama Hassan yuko sokoni leo, akaondoka mbio kumpeleka akautazame mlango wa kwake.