Sauti ya Yabo kwenye Injini

Asubuhi huko Porto-Novo, jua likichomoza, machupa ya petroli kando ya barabara hung'aa kama asali. Agosu huyatazama kama mtu anayeota. Yeye ni dereva wa pikipiki ya abiria. Pikipiki hiyo ilinunuliwa na marehemu mkewe, Yabo, kwa fedha za kuuza ugali uliofungwa kwenye majani. Injini ikinguruma taratibu, Agosu humsikia Yabo jikoni, akiimba mdomo umefumbwa.

Lakini kuna wakati sauti ile ilianza kukohoa. Moshi wa buluu ulitoka nyuma. Kwenye kilima injini iligonga, ko-ko-ko. Ikifa hii, Agosu atampoteza Yabo mara ya pili.

"Nitilie petroli yenye oili," alimwambia muuza machupa. "Iilainishe."

Hakufika mbali. Pikipiki ilizimika mbele ya gereji ya Akuavi, rafiki wa Yabo tangu utotoni.

"Shemeji, leo unakausha samaki?" Akuavi alicheka, akipunga moshi.

"Cheka tu. Wa kulaumiwa ni wakubwa. Vituo vya petroli wamejijengea wao, sisi wametuachia machupa."

"Wakubwa wana lao. Lakini oili hii kwenye tangi, aliitia waziri?"

Akuavi alifungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa oili.

"Pikipiki yako ya zamani ilitaka petroli yenye oili. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili. Hii ni ya mipigo minne. Oili yake ina mahali pake, huku chini. Kwenye tangi ni petroli tupu."

"Tupu ninayo pia. Chupa ya akiba hii hapa."

Akuavi alidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Wakangoja. Karatasi ilikauka, lakini doa la mafuta likabaki.

"Petroli safi hukauka ikaenda zake. Hii ina mafuta ya taa. Ndiyo inayoigongesha injini. Sisi tunaiitaje petroli hii ya machupa?"

"Kpayo."

"Maana yake?"

"Kisicho halisi."

"Jina limekwambia lenyewe, shemeji, nawe ukainywesha pikipiki!"

Agosu alicheka bila kutaka. Yabo alizoea kuwaambia majirani, "Wangu huyu si kpayo."

"Basi nitie ile ya kituoni, ya namba kubwa kabisa, ipone."

"Namba si nguvu. Ni uvumilivu wa petroli inapobanwa ndani ya injini. Ikiwa ndogo mno, injini inagonga. Ikizidi, umetupa hela bure. Soma kibandiko hapa kwenye tangi: tisini au zaidi. Tafuta namba hiyo kwenye pampu ya kituo."

"Kituo kiko mbali."

"Na kaburi la injini liko karibu."

Walimwaga petroli yote kwenye dumu la taka. Akuavi alisafisha kabureta, akabadilisha oili na plagi. Agosu akaenda kituoni na dumu safi, akiwalaani wakubwa njia nzima. Hata sasa huwalaani. Lakini huenda.

Moshi umekwisha. Kilimani hakuna tena kugonga. Machupa bado yanang'aa kama asali, naye anayapita polepole, akiyaangalia tu.

Juzi mama mmoja aliyempakia aliuliza, "Baba, ni wewe unayeimba?"

"Hapana, mama," alisema Agosu. "Ni mke wangu."