Punje Zilizotoweka Mfupani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa fundi viatu alimpangia baba yake vifaa: gundi kushoto, sindano na uzi kulia, na kigoda cha kuegemeza mguu mbele. Baba alikuwa amevunjika mguu, kidonda kikaingiwa na bakteria hadi ndani ya mfupa. Hospitalini walimpasua, wakausafisha mfupa, kisha wakajaza tundu kwa punje ndogo nyeupe. Kwenye picha ya eksirei zilionekana wazi, zimebanana kama mchele.

"Mwenzetu unavaa shanga ndani ya mguu!" jirani yao, muuza mkaa, alimtania. "Mkeo asizione, atazidai."

Binti huyo nyumbani walimwita Afande, kwa kuwa hakuna kilichompita. Sukari ikipungua, alitaka kujua nani kaichota.

Siku ya kupigwa picha nyingine, muuza mkaa alimpeleka baba hospitalini kwa mkokoteni wake, na Afande akafuata. Picha ilipotoka, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Punje hazikuwapo! Zilibaki chache tu, nazo zimefifia.

"Baba, shanga zako ziko wapi?"

Baba aliichukua picha, akaigeuza huku na huku.

Afande akaanza kuunganisha mambo. Yule muuguzi kijana anayebadilisha bandeji hufunga pazia kila mara. Ndugu wa mgonjwa huambiwa wasubiri nje. Na mara ya mwisho alitoka na bakuli lililofunikwa kitambaa. Kwa nini alifunike?

"Ni yule muuguzi," alisema. "Ameziiba ampe mgonjwa mwingine, mtu wake."

"Shii! Umemwona?"

"Nani mwingine anayefungua bandeji, baba?"

"Ndiyo maana mimi huku siji kutibiwa!" muuza mkaa akadakia kwa sauti. Benchi zima la wagonjwa likageuka. Mama mmoja aliyeketi mlangoni pa chumba cha vidonda akamvuta mwanawe nyuma.

Baba alishika magongo yake. "Twende nyumbani. Huu mguu hawataugusa tena."

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia yote.

"Mimi, mdogo wangu?" aliuliza. "Baba, nichukie ukitaka, lakini usiondoke. Mguu ukiharibika tena, unaweza kuupoteza. Twendeni kwa daktari, niulizwe mbele yenu."

Daktari aliziweka picha mbili kando kwa kando.

"Hakuna aliyezitoa," alisema. "Zimeyeyuka, kama tulivyotaka. Punje zile ni za madini yanayoyeyuka mwilini, na tulizichanganya na dawa ya kuua bakteria. Dawa ilikuwa ikitoka polepole, palepale penye ugonjwa, na punje zikiisha kidogo kidogo. Hebu tazama hapa zilipokuwa. Unaona nini?"

Afande alisogea. "Kama ukungu."

"Huo ni mfupa mpya, unaanza kuota. Lakini bado ni laini. Baba akiacha kuja, hatutajua kama bakteria wamekwisha."

"Na lile bakuli?" Afande aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bandeji chafu," muuguzi akajibu. "Ulitaka nizipitishe wazi mbele ya watu?"

Muuza mkaa alikohoa, akaanza kuchunguza kucha zake.

"Ulinieleza siku ile, daktari," baba alikiri, "ila kwa maumivu yale sikushika hata neno."

"Basi tulipaswa kukueleza tena," daktari akasema.

Baba akamgeukia binti yake. "Kutilia shaka si kosa, mwanangu. Ukiona jambo hulielewi, uliza, tena muulize anayelijua. Wewe hukuuliza, ulihukumu. Nami mtu mzima nikakufuata! Ukimchafulia mtu jina mbele za watu, kumwomba radhi chumbani hakutoshi. Twende wote."

Afande alitoka. Alisimama mbele ya benchi, machozi yakimlengalenga.

"Dada huyu hakuiba kitu," alisema. "Nilimsingizia. Dawa imeyeyuka ndani ya mfupa kama inavyotakiwa. Nisamehe, dada."

"Na mimi baba yake naomba radhi," fundi viatu akaongeza.

Muuguzi alimshika Afande bega. Kisha yule mama wa mlangoni akainuka, akamshika mwanawe mkono.

"Sisi ndio tunaofuata, muuguzi," alisema, akaingia naye ndani.