Kipandio cha Seremala

Siku ile honi haikulia.

Kila siku saa kumi seremala alipofika na gari lake kwenye kona ya mtaa, alipiga honi mara moja. Ilikuwa honi ya milio mitatu, aliyoifunga mwenyewe, na majirani waliivumilia shingo upande. Mkewe, fundi cherehani, akiisikia tu, alibandika maji ya chai jikoni.

Siku ile saa kumi ilipita. Akabandika maji hivyo hivyo. Yakachemka, yakakauka. Ndipo mdogo wake seremala alipoingia, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "keti kwanza."

Moyo wa kaka yake ulikuwa umesimama karakanani, randa ikiwa bado mkononi.

Miezi minne baadaye, gari la seremala likaanza kugoma. Sasa aliliendesha shemeji, yule mdogo wake. Alimpeleka fundi cherehani kliniki kutibiwa goti, na kupeleka sare za shule alizoshona. Asubuhi moja gia ya tatu ilikataa kabisa kuingia.

"Giaboksi hiyo," alisema shemeji. "Tumekwisha."

"Si lina dhamana? Kaka yako alisema kiwanda kimeahidi miaka mitatu. Kitu kikiharibika chenyewe, wanatengeneza bure."

"Shemeji, hili kaka alilichezea. Honi yake, kipandio chake. Wakiviona watatufukuza. Ngoja nivitoe, tujifanye hatujui kitu."

Akachukua spana, akaingia chini ya gari.

Fundi cherehani alikitazama kipandio. Ulikuwa ubao mgumu kwenye fremu ya chuma, chini ya mlango wa mbele. Gari lile lilikuwa refu kwenda juu, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri. Alikumbuka mumewe alivyompima mguu mara tatu.

"Simama wima, Fundi," alisema siku hiyo. Nyumbani mle kila mmoja alimwita mwenzake Fundi.

"Unanipimia jeneza?"

"Nakupimia kiti cha enzi. Tulia!"

Nati ya kwanza ikaanguka chini.

"Shemeji, toka huko chini," alisema.

"Wewe, acha hiyo spana!" mtu alipaza sauti ng'ambo ya ua. Alikuwa Bi Stoo, jirani yao, akianika nguo. Watu walimwita hivyo kwa sababu alifanya kazi miaka thelathini kwenye stoo ya vipuri ya duka la magari. "Unaficha nini? Gari mmeiba?"

Shemeji akatoka, uso umejaa vumbi. Wakamweleza.

"Kitabu cha dhamana kiko wapi?" aliuliza Bi Stoo.

Kilikuwa ndani ya gari, pamoja na karatasi za matengenezo yote, zimebanwa kwa pini, moja baada ya nyingine. Seremala hakupoteza karatasi.

"Mungu amrehemu," alisema Bi Stoo. "Kazi nusu amekwisha kuwafanyia. Haya, soma hapa. Polepole."

Fundi cherehani alisoma kwa kidole. "Dhamana haitahusu hitilafu iliyosababishwa na kifaa kilichoongezwa."

"Iliyosababishwa," alirudia Bi Stoo. "Hawakuandika kwamba ukifunga kipandio, dhamana yote imekwenda. Vitabu havifanani, lakini chako kinasema hivyo. Sasa waulize: kipandio kimeharibuje giaboksi?"

"Na wakikataa?" aliuliza shemeji.

"Msigombane. Ombeni waandike sababu, na jina la aliyekagua. Karatasi hiyo mtaipeleka kwa wakubwa wao, au kwa ofisi ya kutetea wateja. Kusema hapana kwa mdomo ni rahisi. Na kipandio kisifunguliwe. Alama zitabaki, na wakijua mmeficha, hata la kweli hawataliamini."

Shemeji akaokota nati, akairudisha mahali pake.

Kwenye duka la magari, karani alikuwa na kalamu sikioni. Aliliangalia gari kupitia dirishani. Hakuinuka.

"Hilo limechezewa, mama. Dhamana imekufa."

"Aliyekufa ni mume wangu," alisema fundi cherehani taratibu. "Dhamana bado ina miezi miwili. Naomba uniandikie kipandio kilivyoharibu giaboksi, na jina la aliyekagua."

Karani akaichukua kalamu. Akaitazama karatasi tupu. Akairudisha kalamu sikioni, akaenda kumwita fundi mkuu.

Fundi mkuu alilala chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka, alikuwa anatabasamu.

"Nani alitengeneza hiki? Hakutoboa popote. Ametumia matundu ya kiwanda. Hakigusi giaboksi hata kidogo. Na chini ya ubao ameandika kwa penseli."

"Ameandika nini?"

"'Fundi, sentimita thelathini na mbili. Asinung'unike.'"

Fundi cherehani alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Shemeji akageuka kutazama matairi.

"Giaboksi ni juu yetu," aliendelea fundi mkuu. "Ila honi hii imeunguza waya. Huo hauna dhamana, mama, sitakudanganya. Gharama ni yenu."

"Hiyo ni haki. Hata mimi nilimwambia honi ile itakuja kumuumbua."

Baada ya siku tisa gari lilirudi na giaboksi mpya. Waya ulioungua walibadilishiwa, na honi ya seremala ikawekwa kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mfuko.

Kila Alhamisi shemeji humpeleka fundi cherehani kliniki. Fundi cherehani hukanyaga kipandio kwa mguu wa kulia, kisha huingia. Gari sasa lina honi ya kiwanda, ya mlio mmoja. Saa kumi chai hubandikwa kwa kutazama saa.